Mashua ndogo za mbio wakati wa kusi: dalili, sababu na marekebisho kwa mabaharia wa Mombasa

Mwezi wa Juni unapoingia, kipupwe hushika Mombasa na upepo wa kusi hukaza. Asubuhi huvuma kwa kiasi, lakini jua likishapanda na bara ikapata joto, upepo wa mchana wa kutoka baharini huongezeka juu yake, na kufikia saa nane au saa tisa si ajabu kukuta noti (maili za baharini kwa saa) 15 hadi 20, na mivumo ya ghafla iliyo zaidi ya hapo. Ikumbukwe kwamba nguvu ya upepo haiongezeki sambamba na kasi yake: upepo wa noti 20 hulisukuma tanga kwa nguvu mara nne ya ule wa noti 10. Ndiyo maana kasoro ambayo mwezi wa Machi hukuisikia kabisa, mwezi wa Julai huvunja kitu.

Maelezo haya yametokana na malalamiko yale yale ambayo hurudiwa ufukweni kila msimu wa kusi baada ya mbio, na nimeyapanga kwa dalili jinsi baharia anavyozihisi akiwa majini. Chombo ninachokitolea mfano ni Laser, ambacho tangu 2019 kinajulikana pia kama ILCA, kwa kuwa ni mashua ya mtu mmoja yenye urefu wa mita 4.23 na uzito wa takriban kilo 59 bila vifaa, na hitilafu zake zinafanana na za mashua nyingine ndogo za aina hiyo. Msimamo wangu, baada ya miaka ya kuzikagua mashua hizi mchangani, ni kwamba sehemu kubwa ya mambo tunayoulaumu upepo kwayo huanzia nchi kavu.

Kuhusu majina: mti unaolala chini ya tanga nitauita mti wa chini, ubao unaoshushwa majini katikati ya chombo nitauita ubao wa katikati, na kamba inayoliachia na kulivuta tanga ni demani, kama ilivyo katika jahazi na ngalawa. Omo ni mbele ya chombo, tezi ni nyuma yake, na kana ni mti wa kushikia usukani.

Usukani unavuta mkono, na mashua inataka kujigeuza kuelekea upepo

Hili ndilo lalamiko la kwanza kwa wingi. Baharia hurudi akiwa na mkono uliokufa ganzi na kusema kuwa upepo ulikuwa mkali mno, ilhali mara nyingi kosa lilikuwa nyuma yake tu.

Sababu ya kawaida kuliko zote ni bapa la usukani ambalo halikushuka mpaka mwisho. Wakati wa kutoka ufukweni maji yakiwa machache, bapa huinuliwa lisigonge mchanga. Kisha baharia huvuta kamba ya kulishusha, akaifunga kwenye kana, na kuondoka. Kamba hiyo ikilegea kwa upana wa vidole viwili tu, bapa hulala kinyumenyume, na shinikizo lote la maji huja mbali na bawaba zake. Kabla ya kugusa kitu kingine chochote, geuza kichwa utazame nyuma ya tezi. Bapa likionekana limelala, elekeza omo kwenye upepo, liachie tanga lipepee, kisha vuta kamba ile mpaka mwisho na uifunge upya.

Sababu ya pili ni chombo kulala ubavu. Mashua ikiinama upande, umbo lake lililo majini hubadilika na kuipeleka kuelekea upepo, nawe hulazimika kuizuia kwa usukani, ambao sasa unafanya kazi ya breki. Legeza demani kidogo, isimamishe mashua wima, na utaona kana ikilainika mkononi yenyewe. Baada ya hapo tazama tanga: likiwa na tumbo kubwa, kaza kamba ya ukingo wa mbele na ile ya kuuvuta mti wa chini kuelekea sitaha, ili tumbo lipungue na lisogee mbele.

Sababu isiyo ya kawaida sana, lakini ya hatari zaidi, ni kulegea au kupasuka kwa bawaba za usukani. Mashua ikiwa mchangani, shika bapa kwa mikono miwili na ulitikise kushoto na kulia. Mchezo mdogo ni wa kawaida. Mlio wa kugonga, au skrubu zinazosogea ndani ya tezi, si wa kawaida. Kisha ushike usukani wote na uuvute juu kwa nguvu. Kile kipande chembamba cha chuma cha springi kilicho kwenye tezi kinapaswa kuuzuia usitoke. Mwezi wa Julai mmoja, mbele ya Mtongwe, nilipinduka, na nilipoinua chombo sikukuta usukani. Nilipokichunguza kipande kile jioni, kilikuwa bado kipo mahali pake, kimeng'aa kwa nje, lakini upande uliogusa tezi kutu ilikuwa imekila na springi yake imekufa. Ukikibonyeza kwa kidole kilibaki palepale ulipokiacha. Tangu siku hiyo hukibonyeza kila Jumamosi, na pia huufunga usukani kwa kamba nyembamba kwenye tezi.

Acha mara moja ikiwa skrubu za bawaba zinazunguka bila kukaza, au ukiona ufa unaozizunguka. Kuweka skrubu nene zaidi katika tundu lililooza ni kuahirisha ajali. Mpelekee fundi wa faiba aujaze ukuta wa tezi upya. Na ikiwa usukani umekutoka tayari majini, liachie tanga kabisa, keti katikati, na uinue na kushusha mikono yote miwili polepole, ikiwa imenyooshwa pembeni, mara kwa mara. Hiyo ni ishara ya dhiki inayotambuliwa na mabaharia wote duniani.

Mashua inalala ubavu na haisongi mbele

Kwanza angalia demani. Baharia aliyeifunga kwenye kishikio chake na kuisahau hupinduliwa na mvumo wa kwanza mkali. Wakati wa kusi, demani hukaa mkononi, tayari kuachiwa. Pili, tazama kanda za miguu: zikiwa zimelegea, mwili hauwezi kutoka nje ya ubavu kama inavyotakiwa, na uzito wako hupotea. Kaza kamba yake, na uangalie pia mahali inapofungwa nyuma, kwa kuwa hukatika hapo bila onyo na kumtupa mtu chali majini.

Ikiwa hayo yote yako sawa na bado unazidiwa, tanga ni kubwa kuliko uzito wako. Mashua hii ina matanga ya ukubwa wa mita za mraba 7.06, 5.76 na 4.7, na kuteremka hadi lililo dogo zaidi si aibu hata kidogo. Vijana wetu wengi hung'ang'ania tanga kubwa kwa sababu ndugu zao walilitumia, nao humaliza mbio nyuma ya mwenzao aliyekuwa na tanga dogo lililosimama wima. Asiye na tanga la pili anaweza kulizungusha tanga kwenye mlingoti mara moja au mbili kabla ya kuufunga mti wa chini, na eneo lake litapungua vya kutosha kumrudisha nyumbani.

Mashua inakwama omo ikitazama upepo

Unapobisha, yaani kuupanda upepo kwa kukata pembe huku na huku, dhidi ya mawimbi mafupi, mashua hupoteza mwendo katikati ya kugeuka, tanga hupepea, na chombo huanza kurudi kinyumenyume. Sababu ya kwanza ni kuanza kugeuka bila mwendo, au kusukuma kana kwa ghafla hadi usukani ukawa ukuta. Subiri nafasi iliyo laini baina ya mawimbi, ongeza mwendo, kisha ugeuke kwa mfululizo. Sababu ya pili ni kamba ya kuvuta mti wa chini kukazwa mno, hivyo mti hauinuki na tanga hushika upepo upande usiotakiwa, ilegeze kidogo. Ukishakwama, usipigane. Usukume mti wa chini nje kwa mkono na kana upande huohuo, acha mashua irudi nyuma mpaka omo iangukie upande mmoja, kisha rudisha kana katikati, vuta demani na uendelee.

Mashua inayumba unapokwenda na upepo, au omo inachimba mawimbi

Hapa ndipo kusi na maji ya Mombasa vinapokutana, na hapa ndipo ningependa msomaji akae kidogo.

Kuyumba kwenyewe kuna sababu tatu. Ya kawaida ni tanga kuachiwa mno, kupita pembe mraba, kiasi kwamba sehemu yake ya juu huisukuma mashua ipindukie upande wa joshi, yaani upepo unakotokea, juu yako mwenyewe. Vuta demani kidogo na uelekeze omo kidogo kuelekea upepo. Usifanye kinyume, maana kuikimbiza mashua zaidi na upepo wakati tayari inaangukia joshini humalizia kazi. Ya pili ni kamba ya mti wa chini kulegezwa mno, hivyo mti huinuka na juu ya tanga kujikunja kwenda mbele. Ya tatu ni ubao wa katikati ulioinuliwa karibu wote. Ni kweli kwamba ubao ulioinuliwa hupunguza ukinzani wa maji, lakini katika upepo mkali ushushe hadi zaidi ya nusu, na faida ya utulivu utaiona papo hapo.

Omo kuchimba ni jambo jingine, na sababu yake kubwa haimo ndani ya mashua. Mlango wa Kilindini umefunguka kuelekea kusini-mashariki, yaani kuikabili kusi. Maji yanapojaa, mkondo na upepo huenda pamoja na bahari hulainika. Maji yanapoanza kupwa, mkondo hutoka nje huku upepo ukiingia, na mawimbi huinuka mafupi, yenye kingo kali, yakifuatana karibu karibu. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya Mombasa hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, na kilele chake huwa karibu saa kumi au saa kumi na moja jioni. Kwa hiyo anayekimbia mbio mchana wa bamvua huwa na bahari njema muda wote, kisha hugeuka kurudi nyumbani wakati maji yanapogeuka pia, akiwa amechoka, na bahari ile ile iliyokuwa laini saa tisa humkuta imesimama. Wazee wa mashua hawahitaji jedwali ili kulijua hili, lakini kijana aliyejifunza kusoma upepo peke yake kwenye simu hushangaa kila mara. Siku za maji mafu, zilizo katikati ya bamvua moja na nyingine, mkondo ni dhaifu na tofauti hii hupungua sana.

Cha kufanya kwanza ni kuhesabu kabla ya kutoka: bamvua au maji mafu, na maji yanageuka saa ngapi. Ukishakuwa ndani ya mawimbi hayo, keti nyuma kabisa, usiende moja kwa moja na upepo bali kwa pembe, na usiruhusu mashua iteremke mgongoni mwa wimbi moja na kugonga kisogo cha lililo mbele. Ukitakiwa kugeuza tanga upande wa pili huku upepo uko nyuma, na moyo wako unasita, basi zunguka kwa kupitia upepo wa omo. Utapoteza sekunde chache na kubaki na mlingoti.

Usitoke kabisa ikiwa Idara ya Utabiri wa Hali ya Anga imetoa onyo la upepo wa zaidi ya noti 25 kwa pwani. Kanuni za mbio duniani zinaeleza wazi kwamba uamuzi wa kushiriki au kuendelea ni wa chombo chenyewe. Kamati ikipandisha bendera haina maana kwamba wewe unaweza. Na popote ulipo ndani ya mkondo wa Kilindini, meli kubwa haiwezi kusimama wala kukwepa ndani ya njia nyembamba, na feri ya Likoni inavuka bila kupumzika. Haki za mbio baina ya mashua hazina nguvu yoyote mbele yake: toka njiani mapema, hata kama unaongoza.

Mashua imepinduka na haisimami

Sababu ya kwanza ni demani kubaki imefungwa. Tanga lililojaa maji na kubanwa na demani haliinuki, au linainuka na kushika upepo na kukupindua tena upande wa pili. Ogelea ukaiachie kabla ya kupanda juu ya ubao, na wakati wote shika kitu kilichofungwa na mashua, maana chombo chepesi kilichopinduka huburutwa na kusi kwa kasi kuliko uwezo wako wa kuogelea.

Sababu ya pili ni upande ambao tanga limelalia. Likiwa upande upepo unakotokea, upepo huingia chini yake mara tu linapotoka majini na kuirusha mashua juu yako. Shika omo, ning'inia hapo mpaka mwili wako uiburute ielekee upepo, kisha rudi kwenye ubao wa katikati. Simama karibu na mwili wa chombo, si ncha ya ubao, kwa sababu ubao huvunjika pale unapotoka chini ya chombo.

Sababu ya tatu hupatikana sana ndani ya hori ya Tudor wakati wa kupwa: mlingoti umechoma tope. Mashua imesimama kichwa chini na haitikisiki. Usiruhusu boti ya injini iikokote kwa nguvu kutoka ubavuni. Nimeona mlingoti ukipinda kama mshipi. Uokoaji sahihi ni kufunga kamba mbele, kuiacha mashua ijigeuze na mkondo, na kuvuta taratibu ili mlingoti utoke njia ile ile ulioingilia.

Kanuni yangu ni majaribio matatu. Yakishindikana, ita boti ya uokoaji ungali una nguvu. Usiiache mashua kwenda kuogelea ufukweni, hata ufuko ukionekana karibu. Walio kwenye boti ya uokoaji nao wakiona mkondo unawapeleka watu nje ya mwamba, waite msaada kupitia redio, chaneli ya 16, bila kusubiri mbio ziishe.

Mashua imekuwa nzito, haiinuki mbele, na baada ya mbio kuna sauti ya maji ndani

Anza na kizibo cha tezi. Kikague kama pete yake ya mpira ipo na haijakauka kwa jua. Pete ngumu iliyopasuka huingiza maji mchana kutwa bila kuonekana. Kisha kaza skrubu za sitaha, hasa za kanda za miguu, na uangalie ukingo ambapo sitaha imeungana na mwili. Ili kupata mahali panapovuja, paka maji ya sabuni kwenye maungio, halafu mtu mmoja apulize kwa mdomo kupitia tundu la kizibo. Povu litachemka palipo na ufa. Usitumie pampu ya upepo ya gereji hata kwa sekunde moja, kwani itatenganisha sitaha na mwili. Wala usizibe tundu dogo la kupumulia lililo mbele ya sehemu ya kukalia, kwa kuwa hewa ndani ya mashua inayolala juani hutanuka na lazima ipate njia.

Kilicho muhimu kuliko vyote ni kikombe cha mlingoti, yaani shimo ambamo mlingoti husimama. Nguvu yote ya kusi hupita hapo. Mimina maji safi mpaka karibu ya ukingo, weka alama ya penseli, na usubiri robo saa. Maji yakishuka chini ya alama, hata kwa unene wa ukucha, kikombe kimepasuka au gundi yake imeachia. Jaribu pia kuusimamisha mlingoti na kuusukuma mbele na nyuma huku mwenzako ameweka kiganja juu ya sitaha kando yake: akihisi sitaha inapumua, au akisikia mlio kama wa chumvi inayosagwa, mashua hiyo haitoki. Usipake silikoni ili uwahi mbio za leo, maana kikombe kikitoka katika upepo mkali huondoka na kipande cha sitaha. Kazi hii ni ya fundi wa faiba mwenye uzoefu, ambaye atakausha ndani kwanza kwa siku kadhaa, kwa sababu resini haishiki penye unyevu na chumvi.

Baharia mwenyewe anatetemeka, anakosea mambo mepesi, au amegongwa

Maji yetu wakati wa kipupwe huwa karibu nyuzi 25, na kwa hiyo wengi hudhani baridi ni jambo la Ulaya. Mwili una nyuzi 37, na mtu aliyelowa, akipigwa na upepo wa noti 20 kwa saa mbili, hupoteza joto vya kutosha kufa ganzi vidole. Mara nyingi, hata hivyo, chanzo ni kiu na njaa: kunywa maji kabla ya kutoka, kula, na uvae nguo inayozuia upepo chini ya jaketi la kuokolea. Anayeshindwa kufunga fundo alilolifunga asubuhi arudishwe pwani. Anayeacha kutetemeka huku maneno yake yakichanganyika ni mgonjwa wa dharura.

Aliyepigwa na mti wa chini kichwani asirudi majini siku hiyo, hata akisema yuko salama na mbio zimebaki moja. Akae na mtu usiku huo. Akitapika, akisinzia kwa namna isiyo ya kawaida, akiumwa na kichwa kinachozidi, au asipokumbuka jinsi alivyogongwa, apelekwe hospitali usiku huohuo, na anayempeleka aeleze kwamba ni pigo la kichwa, si uchovu wa bahari.